Kioo cha simu kinawaka pinki: sio virusi, simu inakuonyesha inavyochora

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu kanipigia saa tatu usiku, anaongea kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamsikiliza. Shikamoo yangu hata haijaisha, "Marahaba mwanangu, simu yangu imeingiliwa." Nikamuuliza imeingiliwa vipi, akasema kioo kizima kinawaka pinki kinazima, akigusa kidogo tu kinawaka tena, akiandika meseji kinawaka kila herufi, na ameogopa kabisa kufungua menyu ya pesa maana hela za kikoba zimo humo na yeye ndo mweka hazina. Jirani kashamwambia wezi wa mtandaoni wakishaingia kioo ndo kinaanza hivyo, fundi naye kamwambia alete simu kesho ipigwe flashi.

Nikamuuliza, shangazi, kuna mtu ameshika hiyo simu leo? Akasema hakuna, ni mjukuu tu alikuwa anaangalia video. Hapo nikajua. Siku hizi zimejaa video fupi za kukufundisha "siri za kuifanya simu ya bei rahisi iwe na spidi", unaambiwa nenda kwenye setingi, gusa namba fulani mara saba, itafunguka menyu iliyofichwa, washa hiki, washa na hiki, washa chochote chenye neno GPU. Mtoto kawasha zote.

Sasa kwa kuwa sio shangazi peke yake, kila wiki naulizwa hili swali kwa sura tofauti, nimeona niliandike lote mahali pamoja. Ile menyu haina sumu, ila pia sio dawa. Ni vifaa vya kupimia jinsi simu inavyochora kioo chake, na kipimajoto hata ukikaa nacho kwapani mwezi mzima hakikushushi homa.

Tuanze na kuchora maana watu wengi hawajui kama simu inachora

Kioo cha simu ni vinukta vidogo sana vyenye rangi, vinaitwa pikseli. Simu nyingi za bei ya kawaida huku kwetu zina pikseli 720 kwa upana na kama 1600 kwa urefu, zidisha unapata 1,152,000. Picha moja kamili inayojaza hivyo vinukta vyote inaitwa fremu. Ukiona orodha ya majina inateleza juu ukiisukuma kwa kidole ujue hakuna kinachoteleza, ni fremu mpya inachorwa, alafu nyingine, alafu nyingine, kila moja imesogea kidogo kuliko ya kabla, na jicho lako ndo linaunganisha. Kwenye simu ya kawaida kioo kinabadilisha fremu mara 60 kwa sekunde. Kwa hiyo kama kioo chote kinabadilika, hapo ni vinukta zaidi ya milioni 69 vya kupakwa rangi kila sekunde, na simu iko mkononi mwako, ina chaji asilimia 18, jua la mchana.

Kazi hiyo wanagawana wawili. Prosesa kuu ni kama fundi mkuu, anajua kila kitu, ana akili, ila mikono yake ni michache. GPU ni kikosi cha vibarua wengi ambao hawajui mambo mengi lakini ukiwaambia pakeni rangi ukuta huu wanaupaka wote kwa mpigo. Fundi mkuu anapanga (kitufe hapa, maandishi pale, picha ya mtu iwe duara), vibarua wanapaka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ukilielewa hili lote linafunguka. Kila apu haichori moja kwa moja kwenye kioo, inachora kwenye karatasi yake. Ule mstari wa juu wenye saa na betri una karatasi yake, meseji zako karatasi yake, kibodi karatasi yake. Kwenye Android kuna msimamizi anaitwa SurfaceFlinger, kazi yake ni kuzipanga hizo karatasi moja juu ya nyingine na kutoa picha moja ya kwenda kwenye kioo.

Haikuwa hivi siku zote. Waliopitia intaneti kafe enzi za Windows XP watakumbuka, programu ikiganda alafu ukaburuta dirisha lingine juu yake, lile dirisha linaacha michirizi, nakala mia za kona yake zimepangana kama kadi, mpaka kioo chote kinachafuka. Ilikuwa hivyo kwa sababu madirisha yote yalichora kwenye ubao mmoja wa pamoja. Dirisha likipita juu ya mwenzake, kompyuta inamwambia yule aliyefunikwa "chora upya hapo", sasa kama kaganda hasikii, uchafu unabaki. Apple walihamia kwenye utaratibu wa kila mtu karatasi yake na Mac OS X mwaka 2001, Windows wakaja nao kwenye Vista iliyoingia madukani 2007, na ndo maana michirizi ile imepotea siku hizi, sio kwamba programu zimeacha kuganda.

Pantoni ya Kigamboni

Kuchora haraka peke yake hakutoshi, lazima uchore kwa wakati. Kama umewahi kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni unajua, geti likishafungwa hata kama umechelewa hatua mbili tu unasimama pale unaiangalia pantoni inaondoka, na unasubiri inayofuata. Kioo nacho kina pantoni zake, kila baada ya milisekunde 16.7 inaondoka moja, kwa sababu sekunde moja ina milisekunde 1000 na ukigawa kwa 60 ndo unapata hiyo. Fremu ikiwa tayari inapanda. Ikichelewa hata kwa milisekunde moja haipandi, kioo kinarudia kuonyesha picha ya zamani, na wewe kidole kinateleza lakini orodha imesimama kidogo alafu inaruka. Ule mruko ndo watu wanaita simu inastaki, inakwamakwama.

Mwaka 2012 Google walipotoa Android 4.1 walikuja na kazi waliyoiita Project Butter, siagi, wakitaka kioo kiteleze kama siagi. Kubwa walilofanya ni kuhakikisha uchoraji wote unaanza pale pantoni inapoondoka tu, sio katikatikati, ili fremu ipate muda wake wote kamili, na wakaruhusu apu iwe na karatasi tatu za kupokezana badala ya mbili, moja inaonyeshwa, moja inasubiri, moja inachorwa. Kwa simu ya pikseli 720 kwa 1600 karatasi moja ni kama megabaiti 4.6, tatu zinakaribia 14, kwa hiyo unaona hata huo ulaini unalipiwa, unalipia RAM, ile kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi.

Na hapa ndo ile stori ya 120 Hz inapoharibika. Watu wananunua simu kwa sababu kwenye boksi imeandikwa 120 Hz wakiamini namba hiyo ni spidi ya simu. Hapana. Ni ratiba ya pantoni, mara 120 kwa sekunde, sasa zinaondoka kila baada ya milisekunde 8.3. Kama prosesa na GPU zina nguvu ya kumaliza fremu ndani ya muda huo utaona tofauti nzuri sana, macho yanapumzika. Kama hazina, umeongeza pantoni bila kuongeza abiria walio tayari, nyingi zitaondoka tupu. Mi nikimshauri mtu mwenye bajeti ndogo namwambia angalia prosesa na RAM kwanza, hiyo 120 iwe ya mwisho.

Turudi kwenye pinki ya shangazi

Swichi aliyoiwasha mtoto imeandikwa "Show surface updates". Kazi yake ni moja, kila karatasi inapochorwa upya, inamulikwa kwa rangi ili mtu aone. Basi. Shangazi akigusa herufi, kibodi inachorwa upya, inamulika. Meseji inaongezeka herufi, karatasi ya meseji inachorwa upya, inamulika. Hakuna kinachotoka kwenye simu kwenda popote. (Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumetameta, hii swichi msiiwashe kabisa, na kama imewaka izimeni haraka.)

Sasa mtengenezaji wa apu anaitumia ya nini? Fikiria mwalimu na ubao. Ameandika ubao mzima, kakosea neno moja mstari wa tatu. Mwalimu mzuri anafuta lile neno anaandika sahihi. Sasa fikiria mwalimu anayefuta ubao wote na kuandika upya kila kitu kwa sababu ya neno moja, tena anafanya hivyo mara 60 kwa sekunde, na wanafunzi hawaoni tofauti yoyote kwa sababu kinachoandikwa ni kilekile. Apu za namna hiyo zipo nyingi sana, na kwa macho huwezi kuzijua, ukurasa umetulia kabisa, ila simu inapata moto mfukoni.

Mi mwenyewe yamenikuta. Tulikuwa tunatengeneza apu ya kuchukulia oda za duka na rafiki yangu, wateja wakaanza kusema inakula chaji. Tukatafuta kwenye intaneti, kwenye data, kwenye GPS, hakuna. Siku moja nikawasha hiyo swichi, nikaiweka simu mezani, sigusi kitu. Ukurasa wa bidhaa umesimama lakini unawaka, unawaka, hauachi. Nikasema kuna kitu kinacheza humu. Kumbe ni lile duara dogo la kuzunguka, linalokuambia subiri inapakia, tulipomaliza kupakia tuliweka picha ya bidhaa juu yake badala ya kulisimamisha. Lilikuwa linazunguka nyuma ya picha kila siku, miezi yote hiyo, kwenye simu za watu waliochaji kwa jenereta. Lilinisumbua sana hilo jambo, na mpaka leo hakuna apu natoa bila kwanza kuiweka mezani nikaiangalia inakaa vipi isipoguswa.

Ila usije ukawasha ukaona kinawaka ukasema apu mbaya. Ukiwa sehemu ya kuandika, ule mstari unaopepesa pale unapoandikia unawaka na kuzima kila nusu sekunde, ni kawaida, na saa ikibadilika dakika mstari wa juu utawaka pia, ni haki yake.

Kuna swichi ya jirani yake inaitwa "Debug GPU overdraw", hii ukiiwasha simu yote inageuka rangi za ajabu, buluu, kijani, pinki, nyekundu, na hapa ndo watu wanasema kabisa kioo kimekufa. Hii inapima kitu kingine. Nenda pale wanapochora Tingatinga, muangalie mchoraji. Anaanza kupaka ubao wote rangi ya nyuma, labda njano. Ikikauka anachora twiga juu ya njano. Kisha madoa juu ya twiga. Pale kwenye doa ukichimba utakuta rangi tatu zimelaliana na inayoonekana ni ya juu tu. Simu inachora hivyohivyo, kuanzia nyuma kuja mbele, na swichi hii inahesabu kila kinukta kimepakwa mara ngapi kwenye fremu moja. Kikibaki na rangi yake ya kawaida kimepakwa mara moja. Buluu kimerudiwa mara moja, kijani mara mbili, pinki mara tatu, nyekundu mara nne au zaidi.

Buluu na kijani hazina shida, huwezi kuchora twiga bila kuwa na nyuma yake. Nyekundu ukurasa mzima ndo tatizo, kwa sababu vibarua wanapaka ukuta mara tano na mwenye nyumba anaona mara moja. Ile apu yetu ya duka niliifungua kwenye hii swichi nikakuta orodha yote nyekundu, na sababu ilikuwa ya aibu kidogo jinsi ilivyo ndogo: dirisha lilikuwa na nyuma nyeupe, ukurasa ukawekewa nyuma nyeupe, orodha nayo nyeupe, kila kadi ya bidhaa nyeupe, alafu ndo picha. Nyeupe nne. Hakuna aliyekosea peke yake, kila mtu aliyegusa ule ukurasa aliongeza nyeupe yake akijua hakuna nyingine. Tukatoa tatu, nyekundu ikaisha, na kwa macho apu ilibaki ilivyo, hakuna mteja aliyeweza kusema kimebadilika nini isipokuwa kwenye simu ndogo ilianza kuteleza.

Ya tatu ni ile inayoleta vijiti vya rangi chini ya kioo vinavyopanda na kushuka, hiyo ni saa. Kila kijiti ni fremu moja, urefu wake ni muda uliotumika, na kuna mstari wa kijani unaoonyesha milisekunde 16, kijiti kikipita mstari fremu hiyo imekosa pantoni. Rangi ndani ya kijiti zinakuambia muda umeliwa wapi, kwenye kupanga, kwenye kuchora, au kwenye kusubiri vibarua wamalize.

Sasa yale mnayoambiwa kwenye video

"Washa Force GPU rendering simu iwe na spidi, gemu zisikwame." Hili ndo kubwa kuliko yote. Zamani sana, kabla ya Android 3.0 ya mwaka 2011, maandishi na vitufe vya apu vilikuwa vinachorwa na prosesa kuu, fundi mkuu anapaka rangi mwenyewe. Toka hapo GPU ikaruhusiwa, na apu yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya Android 4.0 na kuendelea inachorwa na GPU bila kuombwa. Hiyo swichi iliwekwa ili mwenye apu ya zamani aweze kujaribu, je nikimpa GPU hii kazi, itachora sawasawa au vitu vitapotea? Apu unazotumia leo zote zishavuka huko. Na gemu ndo kabisa, gemu nyingi, hasa zile nzito, zinaongea na GPU moja kwa moja bila kuisubiri hiyo swichi. Kwa hiyo unawasha swichi ambayo kwako haina cha kubadilisha, na kama ikikuta apu ya zamani kweli inaweza ikaichora vibaya.

"Zima HW overlays uokoe chaji." Ni kinyume kabisa. Unakumbuka msimamizi anayepanga karatasi? Simu ina kifaa maalum kwenye njia ya kwenda kwenye kioo kinachoweza kulaza karatasi moja juu ya nyingine chenyewe, kwa umeme kidogo sana, GPU ikiwa imelala. Ukiangalia video ndo kinachofanyika mara nyingi. Ukizima hicho, GPU inaamshwa kuja kufanya kazi ya kupanga karatasi kila fremu. Mafundi wa mfumo wanaizima kwa makusudi, mfano rangi zinatoka vibaya kwenye video na hujui kosa ni la kile kifaa au la GPU, unazima kimoja unaangalia kosa limebaki au limeondoka. Kwa mtu wa kawaida ni kula chaji tu.

Ile ya MSAA, mara nne, inalainisha kingo za maumbo kwenye baadhi ya gemu kwa kuifanya GPU ipime kila pikseli mara nyingi zaidi. Kwenye simu ya bei ndogo iache.

"Punguza animesheni ziwe 0.5." Hii ni kweli kwa upande mmoja na nitasema kweli, mi mwenyewe naitumia. Unachopunguza ni muda wa ile michezo ya dirisha kufunguka na kufunga, kilichokuwa kinachukua robo sekunde kinachukua nusu yake, na wewe unahisi simu imechangamka. Ila uchoraji wa kila fremu haujaongezeka spidi hata chembe. Fupi sio haraka. Ikikufurahisha iache, haina madhara.

Wanaotengeneza mfumo wenyewe wanapima vipi

Hawakai wanaangalia rangi siku nzima. Kuna mashine zinazochora kitu, tuseme pembetatu nyekundu yenye kivuli, zinachukua picha ya matokeo, zinailinganisha na picha iliyokubaliwa kuwa sahihi, kinukta kwa kinukta. Shida inakuja hapa, GPU za makampuni tofauti hazilainishi kingo za maumbo kwa njia ileile, kwa hiyo ukidai zifanane kila kinukta, kila simu itafeli. Ukilegeza sana, kosa la kweli linapita. Kupata kiwango cha katikati ni kazi ngumu, na ndo moyo wa fani hii. Kampuni moja ndogo ya Finland, drawElements, ilijenga mkusanyiko wa maelfu ya majaribio ya namna hii, Google wakainunua mwaka 2014, na leo majaribio yake ni sehemu ya mtihani ambao simu ya Android inapaswa kuufaulu kabla haijaruhusiwa kutoka na huduma za Google.

Upande wa muda nao una mtego wake, wastani. Chukua fremu 100, 95 zimechukua milisekunde 8 kila moja, tano zimechukua 120. Wastani ni 13.6, iko chini ya 16.7, kwenye ripoti inaonekana safi kabisa. Lakini zile tano, kila moja imekosa pantoni saba, na mtumiaji anakumbuka hizo tano, hizo 95 hata hajui zilikuwepo. Ndo maana ripoti ya Android haikupi wastani, inakuambia asilimia 90 ya fremu ziliisha ndani ya muda gani, asilimia 95, asilimia 99, na inahesabu ngapi zilichelewa. Fremu iliyozidi milisekunde 700 inaitwa imeganda. Na apu ikikaa sekunde tano bila kujibu mguso, ndo unaletewa lile swali la usubiri au uifunge.

Kuna jaribio lingine ambalo mi nalipenda sana, kugeuza kioo chote kianzie kulia, kwa ajili ya wanaosoma Kiarabu. Menyu ileile ina swichi yake. Ndugu zetu walioko Muscat wanaotumia simu kwa Kiarabu wanajua, apu ambayo haikujaribiwa hivi mshale wa kurudi unaangalia upande wa mbele na namba ya simu inakalia jina. Lugha yetu nayo ina jaribio lake la bure. Neno lenye herufi nne kwa lugha ya waliotengeneza, kwetu linakuwa "Hifadhi", na kitufe kilichopimwa kwa herufi nne kinakata, unabaki na "Hif" na vidoti. Nimeshaona kitufe cha kuthibitisha muamala kimekatwa hivyo mpaka mama mmoja hakujua kama anathibitisha au anaghairi. Android ina lugha bandia ya majaribio inayorefusha maneno makusudi ili mtengenezaji aone vitufe vitakavyopasuka, dakika mbili za kazi, na bado watu hawaitumii.

Na linaloniuma kuliko yote ni simu ya kupimia. Ukipima apu kwenye simu ya milioni mbili, vijiti vyote vinakaa chini ya mstari, nyeupe zako nne hazionekani, duara lako linazunguka nyuma ya picha na hakuna anayehisi. Simu ya RAM gigabaiti mbili, iliyojaa picha za harusi, iliyoshinda juani kwenye dashibodi ya bajaji, hiyo ndo itakuambia. Simu ikipata moto inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo fremu iliyowahi asubuhi inachelewa mchana. Mi nina moja ya hivyo mezani, kioo kina ufa, na hakuna namba naamini mpaka itoke kwake.

Kama yako imeshawashwa

Zima simu uwashe. Nyingi ya hizi swichi, ikiwemo ile ya pinki, zinajifuta simu ikizimwa. Sio zote lakini, mfano ile inayomulika ukingo mwekundu apu ikifanya kazi nzito, hiyo inabaki. Kwa hiyo ingia setingi, tafuta ile menyu ya watengenezaji ("Developer options"), juu kabisa kuna swichi kuu, zima hiyo na zote zinazimika. Usimlipe mtu kupiga flashi kwa ajili ya hili, utapoteza picha na namba za watu bure. Menyu yenyewe ilifichwa toka Android 4.2 mwaka 2012 kwa sababu hiihii, ikawa lazima uguse ile namba ya toleo mara saba ndo itokee, ili mtu asiingie kwa bahati mbaya.

Ila kama kuna swichi imeandikwa "USB debugging" na hujui nani kaiwasha, izime, hiyo haihusiani na kuchora, hiyo inaruhusu kompyuta iliyochomekwa kwa waya kuiamrisha simu.

Shangazi alizima akawasha, pinki ikaisha, akakagua hela za kikoba zote zipo, akalala. Nilimweleza kesho yake kile kilichokuwa kinawaka ni nini, kwa mfano wa mwalimu na ubao maana alifundisha shule ya msingi miaka 31. Akanisikiliza, akauliza tu, kwa hiyo kikiwaka bila mimi kugusa maana yake kuna anayefuta ubao bure? Nikamwambia ndio.

Jumamosi kanitumia video. Kamwambia mjukuu amuwashie tena, kaiweka simu kwenye kitambaa cha meza, na anafungua apu moja moja, anaisubiri kidogo, anaenda nyingine. Meseji imetulia. Menyu ya pesa imetulia. Ya tochi, ile yenye matangazo chini, inawaka haiachi. Inasikika sauti yake nyuma ya kamera, "Huyu hapa," na kidole chake kinakuja kuibonyeza kwa muda mrefu mpaka linatokea neno la kuiondoa.